Shahidi Aliyevaa Sare ya Mshtakiwa: Kisa cha Prolini Nzito Iliyotengenezwa Tabora

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ndogo mjini Tabora. Majina ya watu, ya taasisi na ya kikundi cha wafugaji nyuki yameondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa kemia yamegeuzwa ili mtu asitambulike. Mimi mwenyewe nimo ndani yake. Nilikuwa natunza daftari la maabara, na baadhi ya makosa mtakayoyasoma yameandikwa kwa mkono wangu.

Asali sita, majibu kumi na manane

Kikundi cha wafugaji nyuki kutoka misitu ya miombo upande wa Sikonge kilikuwa na ndoo sita za asali na mnunuzi wa nje aliyetaka kujua kiasi cha prolini. Prolini ni asidi amino, tofali mojawapo la protini, na ndiyo asidi amino iliyo nyingi kuliko zote katika asali. Sehemu kubwa haitoki kwenye ua. Hutoka kwa nyuki mwenyewe, kwenye mate yake anapoichakata nekta. Asali iliyoiva vizuri huwa nayo ya kutosha, na ile iliyorinwa masega hayajafunikwa nta, au iliyochakachuliwa kwa sukari, huwa nayo kidogo. Kima kinachotumika sana kimataifa ni miligramu 180 kwa kilo. Chini ya hapo mnunuzi huanza kukunja uso.

Njia iliyozoeleka ni ya ninhidrini, kemikali inayotoa rangi ikikutana na asidi amino. Unayeyusha asali kwenye maji, unatia asidi ya fomiki na ninhidrini, unachemsha dakika 15 kwenye bafu la maji, unaipumzisha kwenye nyuzi 70, unazimua, kisha unasoma rangi kwenye mwanga wa nanomita 510. Ni njia nzuri, ila inataka utulivu: joto lilelile, dakika zilezile, na rangi isomwe kwa wakati wake. Msimu ule umeme ulikuwa unakatika bila kuaga. Tulipima kila ndoo mara tatu tukapata majibu kumi na manane ambayo hata ndugu wa tumbo moja hayakufanana. Ndoo moja ilianza na 150, ikaja 210, ikamalizia na 175. Huwezi kumpelekea mnunuzi karatasi kama hiyo.

Mkuu wa maabara akashauri sampuli ziende Dar es Salaam, ambako mtaalamu tuliyewahi kusoma naye alikuwa na nafasi kwenye spektromita ya masi, yaani mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake. Yule dada akakubali kwa sharti moja: tulete kipimio chenye isotopu nzito.

Punje zilizopakwa rangi

Kwa asiyeifahamu njia hii, fikiria gunia la mahindi. Unataka kujua lina punje ngapi na huna siku mbili za kuhesabu. Unachukua punje 1,000, unazipaka rangi, unazirudisha guniani, unakoroga hasa, kisha unachota kopo moja. Kama kwenye kopo kila punje moja ya rangi ina wenzake 40 wasio na rangi, gunia lina kama 40,000. Uzuri wake ni kwamba hata kopo likimwagika nusu njiani, uwiano haubadiliki.

Kwenye kemia, "rangi" ni uzito. Prolini ya kawaida ikishapokea protoni huonekana kwenye mashine kwa uzito wa 116. Ukitengeneza prolini ileile ambayo atomu yake moja au zaidi imebadilishwa na ndugu yake mzito (kaboni 13 badala ya 12, naitrojeni 15 badala ya 14, au haidrojeni nzito iitwayo deuteriamu), itatembea pamoja na ya kawaida hatua zote, itapotea pale inapopotea mwenzake, lakini mashine itaziona mbili. Pale maabara tuliiita "shahidi", kwa sababu inakuwepo tangu mwanzo na haidanganyi kuhusu kilichopotea.

Si jambo geni. Harold Urey aligundua deuteriamu mwaka 1931 akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1934, na muda si mrefu wanakemia wakawa wanapenyeza isotopu kwenye asidi amino kufuatilia mwili unavyozitumia. Ninayempenda zaidi ni David Shemin. Alikula gramu 66 za glisini yenye naitrojeni 15, kisha akajitoa damu mara kwa mara hadi akapata umri wa chembe nyekundu, kama siku 127. Kazi hiyo yeye na David Rittenberg waliichapisha mwaka 1946. Mtu aliyekuwa tayari kula jaribio lake mwenyewe!

Kununua au kutengeneza

Shahidi bora wa prolini yupo sokoni: kaboni zote tano ni 13 na naitrojeni ni 15, kwa hiyo ana uzito wa 6 zaidi. Asidi amino za aina hiyo mara nyingi huvunwa kutoka kwa mwani au bakteria waliolishwa kaboni 13 tangu utotoni, halafu protini yao ikavunjwavunjwa. Hakuna anayekaa kuunganisha kaboni moja moja kwa mkono kama kuna mwani wa kumfanyia kazi. Bei yake, pamoja na usafiri na karatasi za forodha, ilizidi bajeti yetu ya robo mwaka.

Lakini kabatini kulikuwa na chupa ya maji mazito (maji ambayo haidrojeni yake ni deuteriamu) ya asilimia 99.9, msaada wa zamani ambao haujafunguliwa, prolini safi, na anhidridi ya asetiki. Mwalimu wa kemia aliyekuwa akisaidiana nasi akasema, "Kwa vitu hivi tunamvalisha deuteriamu wenyewe." Tukachangamka. Nakiri kwamba tulichangamka kwa sababu tuliona kinachowezekana, na hakuna aliyerudi kuuliza kinachohitajika.

Wazo la kwanza la kijana wetu wa mafunzo lilikuwa kuyeyusha prolini kwenye maji mazito na kuikausha, basi. Mwalimu alilikataa, na sababu yake inafaa kukaa kichwani. Haidrojeni zilizoshikwa na naitrojeni au oksijeni hubadilishana na maji muda wote, kama watu kwenye daladala, mmoja akishuka mwingine anapanda. Ukiipeleka prolini hiyo kwenye mashine inayoendeshwa kwa maji ya kawaida, kila deuteriamu uliyoipandisha itashuka kituo cha kwanza. Inayotulia ni ile iliyoshikwa na kaboni, na kwa prolini iliyo rahisi kubadilisha ni moja: ya kaboni alfa, ile iliyo katikati ya naitrojeni na kundi la asidi.

Njia tuliyochagua ni ya kale na ya bei nafuu. Unapasha prolini kwenye asidi ya asetiki iliyo na aldehaidi kidogo. Sisi tulitumia butiraldehaidi, sehemu moja kwa kumi ya prolini. Aldehaidi huikamata naitrojeni na kuifanya haidrojeni ya kaboni alfa iwe legevu. Inaachia, na inaporudi inaokota yoyote iliyo karibu. Asidi ya asetiki ikiwa na D, yaani deuteriamu, badala ya H, haidrojeni ya kawaida, kinachorudi ni D. Asidi hiyo unaitengeneza mwenyewe kwa kuchemsha anhidridi ya asetiki pamoja na maji mazito, kondensa ikirudisha mvuke: moli moja (kipimo cha idadi ya molekuli) ya kila kimoja inatoa moli mbili za asidi. Maji mazito tuliyazidisha kidogo makusudi, maana anhidridi ikibaki itaishika naitrojeni ya prolini, na hiyo ni kampaundi nyingine kabisa.

Kuna gharama moja tuliyoikubali macho wazi. D ikirudi kwenye kaboni alfa haichagui upande. Ulianza na prolini ya mkono wa kushoto, L, unamaliza na mchanganyiko nusu kwa nusu wa L na D-umbo, ile ya mkono wa kulia (D hii ni jina la umbo, si deuteriamu). Kwa kupima asali haidhuru, kwa sababu safu ya kromatografia ya kawaida haitofautishi mikono hiyo. Kwa mtu anayejenga peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, lingekuwa janga. Chukua gramisidini A, antibiotiki ya asidi amino 15 ambazo maumbo ya L na D yanapokezana kwenye mnyororo, na kupokezana huko ndiko kunakoufanya ujikunje kuwa mrija unaopitisha ayoni kwenye utando wa bakteria. Wanaoiunganisha kwa njia ya punje ngumu, ambapo mnyororo hukuzwa kiungo kwa kiungo ukiwa umeshikizwa kwenye punje, ile ya Robert Bruce Merrifield ya mwaka 1963 iliyompa Nobel ya 1984, huweka isotopu kwenye kiungo kimoja walichokichagua ili waone pembe yake kwa mwangwi wa sumaku. Waletee asidi amino yenye mikono mchanganyiko uone watakavyokufukuza. Tena huko kawaida ni kumwaga asidi amino mara tatu hadi tano ya inayohitajika ili kila mnyororo upate kiungo chake, ila wakifika kwenye ile yenye isotopu hupunguza karibu na moja kwa moja na kurefusha muda, kwa sababu ya bei. Sisi hatukuwa na shida hiyo. Yetu ilikuwa nyingine.

Hesabu ya haidrojeni

Kabla ya kuwasha jiko, Mwalimu alitulazimisha kuhesabu kila haidrojeni itakayoingia chupani. Hesabu yenyewe ni ya darasani. Prolini gramu 2.3 ni milimoli 20. Kila molekuli ina haidrojeni tatu zinazoweza kubadilishana: mbili kwenye naitrojeni na moja ya alfa, jumla milimoli 60 za H. Asidi ya asetiki nzito tuliyoandaa, kutoka anhidridi gramu 20.4 na maji mazito gramu 4 na ushee, ilileta milimoli 400 za D. Ukichanganya zote, H ni 60 kati ya 460, yaani asilimia 13. Shahidi wako atakuwa na D asilimia 87 tu.

Lakini ukiyeyusha prolini kwanza kwenye maji mazito na kuikausha, zile mbili za naitrojeni zinakuwa D kabla ya safari. Inabaki H 20 kati ya 460, na shahidi anafika karibu asilimia 96. Rudia mzunguko kwa asidi mpya, unapita 99. Wazo la kijana lililokataliwa likarudi kama hatua ya maandalizi, naye akatembea kifua mbele wiki nzima.

Siku ya mvua

Ilikuwa Januari. Anayeijua Tabora anajua Januari yake: miembe inavuja maji tangu alfajiri na chumvi ya mezani inageuka uji. Prolini nayo ni ya aina hiyo, inanyonya unyevu hewani kuliko asidi amino nyingi.

Tuliyeyusha, tukakausha kwenye rotari, mashine inayovukiza maji kwa pampu ya kunyonya hewa, tukayeyusha tena kwenye maji mazito. Tukiwa katikati ya kukausha mara ya pili, umeme ukakatika. Jenereta ilihitaji mafuta, na aliyekwenda kuyafuata alikwamishwa na mvua. Pampu ilipozima, mtu alifungua chupa ili mafuta ya pampu yasivutwe ndani, jambo sahihi kabisa, kisha chupa ikakaa wazi. Ilikaa kama saa mbili. Umeme uliporudi tuliendelea dakika chache, tukaona unga mweupe ulionata ukutani mwa chupa kama sukari guru, tukasema imekauka. Hatukuipima uzito. Daftari langu lina uzito wa prolini kabla ya kuyeyushwa. Mstari wa uzito baada ya kukaushwa upo, umeandikwa kichwa chake, na haukujazwa.

Kazi ya jikoni ilikwenda vizuri. Nyuzi 80, si zaidi, kwa sababu prolini iliyokamatwa na aldehaidi ikipata moto mkali huanza kupoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kahawia. Kujua tumefika wapi, tulitumia polarimita kuukuu ya kufundishia wanafunzi sukari. Prolini ya L huzungusha mwanga kushoto kwa nguvu, digrii 85 kwa kipimo cha kawaida kwenye maji. Mchanganyiko wa L na D-umbo hauzungushi kitu. Kwa hiyo kila saa tulichota mililita moja, tukaizimua kwa maji mara kumi, tukajaza mrija wa desimita mbili, tukachungulia.

Nakumbuka ule mduara wa njano uliogawanyika nusu mbili. Saa ya kwanza nusu ya kulia ilikuwa nyeusi ti, ikabidi nizungushe gurudumu zaidi ya digrii moja kushoto ndipo zilingane. Saa iliyofuata, pungufu. Saa ya nne nikaweka gurudumu kwenye sifuri na nusu zote mbili zikawa rangi moja, kama uji uliokorogwa. Nikamwita Mwalimu, akachungulia, akaita kijana, akachungulia. Tukapeana mikono.

Tukavukiza asidi, tukaosha unga kwa asetoni kuondoa aldehaidi, tukapeleka chembe kidogo Dar.

Jibu la kwanza

Deuteriamu: asilimia 85.

Tulibishana siku mbili. Mmoja wetu alishikilia kwamba maji mazito yamezeeka. Hayazeeki, ingawa chupa iliyofunguliwafunguliwa hunyonya mvuke wa kawaida; yetu ilikuwa mpya. Mwingine alisema muda wa kupasha haukutosha, lakini polarimita ilisema sifuri.

Ni Mwalimu aliyechukua kalamu na kuigeuza ile hesabu. Kama D ni 85, H ya ziada imetoka wapi na ni kiasi gani? Jibu lilikuwa milimoli 55 hivi, sawa na nusu gramu ya maji. Nusu gramu, kwenye unga wa gramu 2.3, ndani ya chupa iliyokaa wazi saa mbili siku ya mvua. Mizani ingetuambia kwa sekunde kumi.

Na polarimita haikukosea. Iliulizwa kama haidrojeni ya alfa imeondoka, ikajibu ndiyo. Kilichoingia mahali pake haikioni. H inayorudi upande mwingine na D inayorudi upande mwingine zote zinapeleka gurudumu kwenye sifuri. Sisi tulisherehekea jibu la swali ambalo hatukuwa tumeuliza.

Kuna aliyependekeza tuongeze anhidridi mzunguko unaofuata "ili imeze maji". Hiyo isingesaidia. Anhidridi humeza maji kweli, ila haidrojeni zake zinabaki mulemule kwenye asidi. Maji yakishaingia, H imeingia. Dawa ni kuizuia mlangoni.

Mzunguko wa pili tulikausha kwa rotari, tukaingiza chupa kwenye desiketa, chombo cha kukaushia, yenye fosforasi pentoksaidi inayonyonya maji, usiku kucha, tukapima uzito, tukarudisha saa mbili zaidi, tukapima tena hadi uzito uliposimama. Jibu likaja 98. Mililita zilizoliwa na polarimita na hasara za kuosha zilituachia gramu 1.4.

Mzee na bomu

Katikati ya hayo mwenyekiti wa kikundi alifika maabara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo kabla ya kusema.

"Mwanangu, mjukuu wangu kaniambia mnatia maji ya bomu kwenye asali yangu."

Nilimweleza kwamba maji mazito hutumika kwenye baadhi ya vinu vya nyuklia, ndiko jina lilikopata sifa mbaya, lakini yenyewe hayatoi mionzi. Nikamwambia tunachukua kijiko tu cha asali, na ndoo haiguswi. Na kwamba katika maji ya kisima chake, kwenye kila haidrojeni 6,400 hivi, moja ni nzito tangu dunia iumbwe.

"Kumbe nayanywa siku zote."

"Siku zote, mzee."

Akaniangalia. "Sasa kama yamo mle tayari, mtajuaje yenu na ya Mungu?"

Nilicheka. Ningeliandika swali lake kwenye daftari, tungeokoa wiki tatu.

Simu kutoka Dar

Sampuli za asali zikaenda, kila moja ikiwa imetiwa shahidi wa miligramu 20 kwa kilo, kiasi tulichochagua ili tusimmalize. Siku chache baadaye simu ikalia. Yule dada hakusalimia.

"Shahidi wenu amevaa sare ya mshtakiwa. Simwoni."

Prolini ina kaboni tano, na kila kaboni ya asili ina nafasi ya asilimia 1.1 hivi ya kuwa kaboni 13. Ongeza naitrojeni 15 kidogo, na kiasi kiduchu cha deuteriamu, ile ya kisima cha mzee. Jumla, karibu 5.9 kati ya kila prolini 100 za asili tayari zina uzito wa moja zaidi, 117 badala ya 116. Shahidi wetu mwenye D moja naye ni 117. Kwenye lugha ya gunia, punje sita kwa kila mia zimezaliwa na rangi.

Asali yenye prolini 400 kwa kilo ina zake za 117 zipatazo 23.6. Sisi tulitia 20. Kelele ya asili ilikuwa kubwa kuliko shahidi.

Tulitumaini kuvunjwa kwa molekuli ndani ya mashine kungesaidia. Prolini ikivunjwa hupoteza kundi la asidi, 116 inakuwa 70. Shahidi, ambaye D yake iko kwenye kaboni alfa, anatoka 117 kwenda 71. Prolini ya asili yenye kaboni 13 kwenye kundi la asidi inakwenda 70 na kujitenga. Lakini hiyo ni kaboni moja kati ya tano. Nne zilizobaki pamoja na naitrojeni zinakwenda 71 bega kwa bega na shahidi, kama 4.8 kwa mia. Unafuu upo, ila wa kiberiti kwenye giza la pori. Mashine zenye macho makali zaidi zinaweza kutenganisha D na kaboni 13, kwa sababu D huongeza uzito wa 1.0063 na kaboni 13 huongeza 1.0034, tofauti hiyo inataka uwezo wa kutenganisha wa kama 40,000. Yake haikuwa nao.

Miezi miwili kabla, alipopima ile chembe ya kwanza, alikuwa ametuandikia: "Hii ni ya kazi gani?" Tulimjibu "Ya asali" tukaendelea kushangilia.

Tulivyomwokoa shahidi

Kumtupa kulipendekezwa. Yule dada ndiye aliyekataa, na nadhani huu ndio uamuzi bora katika kisa chote.

Kwanza alitwambia tuache ubahili. Shahidi atiwe kwa kiasi kinacholingana na prolini inayotarajiwa, 400 kwa 400. Hapo mwingilio wa asili, badala ya kumzidi shahidi, unakuwa kama asilimia 5 ya ishara yake, na asilimia 5 inayojulikana inaondolewa kwa hesabu. Pili, hesabu hiyo isitegemee namba za kitabuni. Alipitisha prolini ya kawaida peke yake akaona inavuja kiasi gani kwenye dirisha la 71. Akapitisha shahidi peke yake akaona ile asilimia 2 isiyo na D inavuja kiasi gani kwenye dirisha la 70. Madirisha mawili, vitu viwili visivyojulikana, milinganyo miwili. Tatu, alitengeneza michanganyiko mitano ya uwiano unaojulikana na kuipitisha kati ya sampuli, ili mashine ikiyumba tujue.

Kwa asali chini ya gramu moja kila kipimo, gramu 1.4 zilikuwa utajiri. Ubahili wetu wa mwanzo haukuwa na msingi wowote.

Matokeo

Ndoo nne zilikuwa juu ya 180 bila ubishi, na marudio matatu ya kila moja yalikaa karibu karibu. Mbili zilikuwa chini. Tulipomuuliza mwenyekiti alijua mara moja ni za nani: kijana mmoja alirina mapema, masega yakiwa nusu wazi, kwa sababu ya ada ya shule. Mnunuzi alichukua nne. Mbili ziliuzwa sokoni mjini kwa bei ya kawaida, na hakuna mtu wa Tabora aliyelalamika utamu.

Majibu yetu ya ninhidrini, tulipoyalinganisha, yalikuwa chini karibu kila mahali. Bafu la maji lilikuwa likipoa umeme ukikatika na rangi haikukomaa. Sasa bafu hilo linatumia gesi.

Uchambuzi

Kemia yenyewe ilifaulu, na sitaki mtu asome kisa hiki akadhani kutengeneza asidi amino yenye isotopu ni kazi ya Ulaya tu. Anhidridi, maji mazito, aldehaidi, jiko na polarimita ya shule vilitoa usafi wa isotopu wa asilimia 98. Kilichotuwezesha ni ile hesabu ya haidrojeni iliyofanywa kabla. Ilitupa namba ya kutarajia, 96, na kwa sababu tulikuwa nayo, 85 ikawa swali. Bila 96 ile, 85 ingeonekana ushindi.

Kosa la unyevu lilikuwa la nidhamu, na lilirekebishika kwa mizani. Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Tuliuliza "tunaweza kuweka D wapi?" kabla ya "shahidi anahitaji kuwa mzito kiasi gani?" Kwa molekuli ndogo ya kaboni tano, uzito wa tatu zaidi ndio mwanzo wa usalama, kwa sababu prolini ya asili yenye atomu tatu nzito kwa pamoja ni nadra mno. Tungejua hilo siku ya kwanza, huenda tungefika njia ileile kwa ajili ya ufukara, lakini tungefika tukiwa na mpango wa kutia kwa wingi na kusahihisha, na sampuli za kwanza zisingepotea.

Mwalimu hakubaliani nami hapa. Anasema tungeuliza swali hilo mapema tungekata tamaa na kubaki na ninhidrini. Huenda. Ila yeye hakuwa ndiye aliyepokea ile simu.

Kuhusu kuficha matumizi kwa mpimaji: hatukukusudia, lakini "ya asali" si jibu. Angepewa namba mbili tu, prolini inayotarajiwa na shahidi atakayetiwa, angeona tatizo akiwa bado amesimama.

Baadaye mradi mwingine ulituletea chupa ndogo ya prolini yenye kaboni 13 tano na naitrojeni 15. Inatoka 122 kwenda 75, peke yake dirishani, hakuna wa kuigusa. Ile yetu ya D bado ipo kwenye desiketa. Kwenye lebo nimeandika uzito wa chupa tupu, uzito wa chupa na unga, na tarehe ya kila mara inapofunguliwa. Wanafunzi wanaokuja mafunzo hupewa chembe yake, prolini ya kawaida, na swali la mzee.